Taa Zilizofifia Uani Kwangu

Shemeji yangu mpendwa,

Kabla sijakuuliza hali, nitoe kwanza lililonikaa kooni: ugonjwa wa taa za gari lako ninaujua. Nimeujua muda wote ulipokuwa ukihangaika nao, nikanyamaza, na mara nyingine nikahangaika pamoja nawe kwa uso mkavu kabisa. Kwa hiyo soma taratibu, ukiwa umeketi, na kama mama watoto yuko karibu mwombe asogee kidogo, maana utapiga kelele.

Haya, hujambo wewe? Mgongo umeacha ukorofi? Watoto wanaendeleaje? Mimi nipo. Mkono unatetemeka, ndiyo maana maneno yangu yanapanda na kushuka kwenye mistari, lakini kichwa bado ni changu. Mpwa wako amehamia hapa na ananitunza kupita kiasi; ananifunika blanketi mchana wa jua kali kama mkate unaosubiri kuumuka. Daktari huzungumza naye mlangoni kwa sauti ya chini, akidhani masikio yangu nayo yamechoka. Nimesikia yote. Sina siku nyingi, wala sina ugomvi na jambo hilo, kwa kuwa chumvi nimeila ya kutosha. Ninachogombana nacho ni habari aliyoniletea mpwa wako jana: kwamba Jumamosi unamkabidhi gari mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwamba wewe na fundi umeme, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, hamsalimiani tena kwa sababu ulimwita tapeli mbele ya wateja wake. Niliposikia hivyo nikaomba kalamu.

Tukumbushane kidogo. Zamani taa zako zilikuwa mbovu kweli, hilo sikusingizii. Vioo vyake vilikuwa na rangi ya chai, na marehemu dada yako, mke wangu, alikuwa akisema kwamba usiku gari lako halioni njia, linaipapasa. Baada ya kumzika, ulianza kuja kwangu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, gazeti kwapani. Tulibishana mpaka jua lizame, halafu ukaondoka kwa haraka kuiwahi ile barabara ya mlimani yenye kona. Ijumaa moja ulichelewa, ukawasha taa, globu moja ikaungua papo hapo na ya pili ikabaki inapepesa kama jicho la mchokozi. Ukalala kwangu. Asubuhi ukaapa kwamba utalitengeneza gari hilo mpaka liwake kama uwanja wa mpira.

Nani kama wewe kwa kuapa! Ulianza na dawa ya meno. Ulisugua vile vioo tangu asubuhi, gari likanukia kama mtoto anayekwenda shule, na mwanga ukaongezeka kiasi cha kukutia moyo tu. Ndipo ukaenda kwa fundi. Aliposikia habari ya dawa ya meno alikuuliza kama na matairi umeyapiga mswaki. Akavisugua vioo kwa msasa laini na maji, akavipaka dawa yake ya kuvikinga na jua, vikawa kama vya dukani. Akakuwekea globu mpya. Kisha akakueleza kwamba nyaya zako ni nyembamba na zimezeeka, umeme unachoka njiani kabla haujafika kwenye taa. Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akafunga rilei ili ile swichi ya zamani isibebeshwe mzigo wote, akazielekeza taa vizuri kwa kuzipima ukutani. Ningekuwa bado nasahihisha mitihani, ningempa fundi yule alama zote. Ulinipigia simu jioni hiyo ukipiga mayowe kwamba paka alipita mbele ya gari ukazihesabu sharubu zake.

Ijumaa iliyofuata ukaja nalo, kifua mbele. Ulisema leo utaondoka saa unayotaka wewe, siyo saa inayotaka jua. Giza likaingia, ukaniita nitoke nije nione maajabu. Ukawasha. Mwanga ukatoka mwekundu na mnyonge, kama mshumaa unaoaga. Uliushika mdomo wako, shemeji, kisha ukalipiga teke tairi, na neno ulilolitamka silirudii hapa kwa heshima ya mpwa wako anayenishikia karatasi.

Ukalala. Kesho yake ukalipeleka gari kwa fundi, na kwa fundi likawaka vizuri kabisa. Ukarudi kwangu wiki iliyofuata, likafifia. Ikawa hivyo: kwa fundi mwanga, kwangu giza. Fundi akapima kila waya, akabadilisha rilei isiyo na kosa, mwishowe akakuambia labda ni macho yako. Ukamjibu kwamba macho hayo ndiyo yaliyomchagua mama watoto kutoka mbali. Akasema basi ni kweli ni mabovu, kwa sababu mtaa mzima unajua ni yeye aliyekuchagua wewe. Hapo ndipo mlipoanza kununiana.

Na mimi je? Uliponiuliza, kama mtu niliyefundisha fizikia tangu nikiwa na nywele nyeusi, nilikueleza kwamba huenda ni unyevu wa uani kwangu. Nilisema hewa ya hapa hukaa chini, hivyo huingia kwenye maungio ya nyaya na kuudhoofisha umeme. Nilisema hayo bila kupepesa jicho. Mwanafunzi angeniandikia upuuzi wa namna hiyo ningemsimamisha mbele ya darasa. Wewe ukaamini, ukaleta turubai ukalifunika gari. Nilikusaidia kufunga kamba za turubai lile, shemeji. Mungu anisamehe, nililazimika kuingia ndani kucheka.

Ukweli ni huu. Pasi yetu ya umeme ilipoungua niliifungua, nikatoa ndani yake kipande cha ule waya unaopata moto. Waya ule umetengenezwa ili uukatalie umeme kupita kwa wingi. Ndiyo kazi yake. Boneti ya gari lako, kama ujuavyo, haihitaji funguo, inahitaji kofi tu. Kila Ijumaa ulipojinyoosha kwenye kochi na gazeti usoni, nilikuwa nikitoka nikisema nakwenda kunyoosha miguu. Nilifungua bolti inayoubana waya wa taa kwenye bodi ya gari, pale umeme unaporudia, na kati ya waya na bodi nikakiingiza kipande changu cha pasi. Umeme wote wa fundi, na waya wake mnene na rilei yake, ulilazimika kupita kwenye kile kichochoro. Asubuhi, wewe ukinywa chai, nilikitoa na kubana bolti kama nilivyoikuta. Kwa hiyo fundi hakuwa na cha kukiona. Alikuwa akitafuta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya.

Jioni moja karibu nikuumize, na hilo silicheki. Ulikasirika ukasema utaondoka hivyohivyo, utakwenda pole pole, kona za mlimani unazijua kwa moyo. Ulishawasha injini. Nilisimama langoni na pajama zangu, nikakuambia kwamba ukitaka kutoka upite juu yangu. Ulidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini pia nilikuwa mtu anayejua kilichomo ndani ya boneti, na sikuliachia lango mpaka ulipozima.

Basi usiuze gari. Hakuna gari la umri wake lenye taa kama hizo. Tangu ugonjwa unilaze, mpwa wako akahamia hapa, sijaligusa, na kama umelijaribu usiku utakuwa umeshaona kwamba linawaka hata uani kwangu. Mpwa wako anasema unadai ni kiangazi kimekausha unyevu, na kwamba mvua zikirudi taa zitafifia tena. Kiangazi hakina sifa hiyo. Nenda kwa fundi kabla ya Jumamosi, mwambie mbele ya wateja walewale kwamba tapeli ni mwalimu mstaafu. Akikuuliza yupi, mpe barua hii aisome. Umwombe pia akaze ile bolti vizuri, na kama nyuzi zake zimelika abadilishe, kwa kuwa nimeifungua mara nyingi kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Kile kipande cha pasi anacho mpwa wako. Aliposoma sehemu hii alicheka mpaka akaniacha bila blanketi, na nilifurahi kwa yote mawili.

Msalimie sana mama watoto, mwambie nguo zako za kulalia alizokuwa akinilaumu kwamba naziweka zimefuliwa na zimekunjwa. Wasalimie wanao, mkubwa kwa mdogo. Fundi mpe mkono wangu, na akikataa kuupokea asilaumiwe. Mpwa wako anakusalimu, anasema uje Ijumaa, uje kwa kuchelewa ukitaka.

Utaniuliza kwa nini, na ningeweza kukujibu kwamba ilikuwa mzaha wa shemeji kwa shemeji. Nusu yake ingekuwa kweli. Lakini ile Ijumaa ya kwanza, globu ilipoungua yenyewe, ulilala chumba cha pili ukakoroma kama mashine ya kusaga, ukuta wote ukisikia, nami nikapata usingizi wa kwanza tangu tumzike dada yako. Usiku mwingine wote nilikuwa nikikaa kitandani upande wangu, taa ya chumbani ikiwaka, nikisubiri pakuche. Nilikuwa naogopa kulala peke yangu ndani ya nyumba ile, shemeji, mtu mzima mimi, na nikaona aibu kukuomba ubaki.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu