Pazia Kati Yangu na Mkamwana

Mama Wekesa, mwenye sauti ya kufukuza nyani mpaka msitu wa Buyangu,

Huku Kanada theluji imefika magotini, na mimi bado mzima. Mwanao amekodi gari lenye jiko, vitanda na hata choo, tuvuke nalo nchi hii siku sita. Nimefungua kila mlango nikichungulia.

Wekesa anajipanga kweli: minyororo ya magurudumu, koleo, kengele ya kunusa gesi mbaya. Nikauliza, "Na mimi nalala wapi?" Akanionyesha kitanda. Chao na mkewe kiko palepale, katikati pazia tu! Kwao nalalanga chumba cha chini chenye mlango wake. Sasa baba mkwe nisikilize mkamwana akikoroma? Nikasema nitalala nje kwenye hema.

Wekesa akasema, "Baba, asubuhi tutakuchimbua na koleo."

"Basi nabaki." Nilisema kwa ukali, lakini milima ya njiani natamani sana kuiona.

Mkamwana wetu aliyetoka Matete alikuwa akikunja nguo. Akaenda mbele, akalaza kiti cha abiria, akaning'iniza blanketi zito nyuma yake, akafungulia hewa ya moto upande huo. Akasema bila kunitazama: "Baba, nyuma ni nyumba. Mbele ni gari. Kulala garini si mwiko."

Huyo mtoto alisomea wapi? Kesho tunaondoka. Jifunike vizuri, na upande wangu wa kitanda usiwape kuku.

Ni mimi mzee wako, sasa utingo.