Vijiyai Ulivyonifundisha Kuvivunja

Fundi Kibwana, bosi wangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hapa kichochoroni Msimbazi bosi sasa ni mimi. Usicheke.

Ilibaki kidogo nifukuzwe. Ulipotutoka, mkeo Mama Zaina alitaka benchi letu la kuunda bampa za faiba ampe muuza viatu. Nikamwomba bampa moja ya mwisho. Akasema, "Moja! Nikiona ufa, unafungasha."

Sasa sikia. Dada Neema, yule mwanafunzi wa chuo uliyekuwa ukimwita "gunzi la muhindi" kwa wembamba wake, aliniletea kikombe cha unga. Kumbe si unga, ni vijiyai vidogo vya plastiki vyenye gundi ndani. Bampa ikipata ufa, vinapasuka, gundi inatoka, ufa unajiziba. Ganda limepakwa dawa ling'ang'anie faiba. Bila hiyo, ufa unalizunguka tu, kama ulivyokuwa ukimzunguka mama mkwe wako.

Nikachanganya kipande cha majaribio kwa mbinu yako: drili, spoki ya baiskeli mbele, "koroga kama una kisasi!" Kilipokauka nikakigonga, kikapata ufa, ufa ukabaki vilevile. Dada Neema akashika kichwa: "Wewe! Umevivunja vyote kabla ya kazi!"

Bosi, kumbe ulinifundisha vibaya. Nimekusamehe.

Unga ukabaki nusu kikombe. Nikakoroga kwa mwiko, taratibu kama uji wa mgonjwa. Ule niliokukorogea wiki ya mwisho, ukasema una mabonge. Haukuwa na mabonge. Basi tu.

Bampa ikakauka. Nikageuka ili uigonge kwa kifundo cha kidole, mara tatu, usikilize kama kawaida yako. Kiti kitupu.

Akaja Mama Zaina na mchi wa kinu. Pa! Ufa, mwembamba kama unywele. "Fungasha." Nikamwambia, "Mama, iache ilale."

Kesho yake kamulika kwa tochi ya simu, kapapasa, katafuta miwani. Hakuuona. Mwisho akaigonga kwa kidole, mara tatu, akatega sikio. Akakaa kwenye kiti chako, akasema, "Baki, mjeuri we. Kama mwenzio."

Drili yako nimeitundika ukutani. Naahidi itatoboa tu, haitakoroga tena, na kila bampa nitaigonga mara tatu kabla haijatoka.

Pumzika, bosi. Na huko uliko, wakikupa kitu ukoroge, taratibu.

Wako mjeuri,
Shabani