Tansio ya Mama Riziki

Buleusa, siku ya ine, mangaribi

Ningeacha kusoma. Ningesema tu karatasi imepotea.

Hapa posti ya afya, wakati majeruhi wanakuja wengi, tunajaza fishi, karatasi ya mugonjwa, mbele saa haiyafika: tansio, ni kusema presha ya damu, ya saa nane, ya saa tisa, ya saa kumi, zote mara moja. Kila mutu 12/8, ya mutu mwenye afya. Mukubwa wetu anapenda fishi yenye kujaa.

Mama Riziki alifika juzi na risasi mu tumbo. Alikufa saa tisa, bwana yake akimushika mukono. Mimi sikurudilia fishi kuifuta. Nilichoka, ao…

Leo, kisha maziko, bwana yake akarudi. "Dada, unisomee karatasi yake. Nijue mulimutunza namna gani."

Nikasoma kama mujinga mpaka chini: saa kumi, tansio 12/8, iko muzuri.

Akauliza: "Saa kumi alikuwa angali muzima?"

Nikaweka kidole juu ya ile saa kumi.

"Mimi nilimufunga macho saa tisa, dada. Tukamufunika."

Nilipashwa kumuambia kwamba fishi njo ilidanganya, na niliiandika mimi. Nikakunja karatasi.

Ameenda kwake akijua alifunika bibi yake angali anapumua.