Ile Nyota Juu ya Tangi la Maji

4 Mei

Shikamoo dada,

Mimi mzima kama chuma, na bahati imenipenda yenyewe, sikuinunulia hata soda. Kaa kitako kwanza. Si unajua nafanya kazi kwenye darubini kubwa huku mlimani? Basi juzi nimegundua nyota inayolipuka. Wasomi wote wamekodoa macho, aliyenyoosha kidole ni mimi. Giza likiingia tazameni kusini, mtaiona. Baba hataki habari zangu, najua, tangu nilipoacha shule akaniambia pale mlangoni kwamba mimi si mwanawe. Lakini mdokezee.

Mdogo wako, Bwana Nyota


20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila magoti ya Baba. Nilisoma barua yako kwa sauti, naye akajifanya anatafuta kiatu. Jioni akatoa kiti uani. Sasa hakosi pale, anaitazama ile inayong'aa juu ya tangi la maji la jirani. Fundi viatu kamtega: eti nyota hulipuka kwa aina tofauti, hii ni aina gani? Baba kanuna, kaniambia nikuulize. Tuambie.

Dada yako


2 Juni

Shikamoo dada,

Pole ya magoti imfikie. Fundi viatu mwambie ashike gundi, nyota aniachie mimi. Mwanga wake tunaupitisha kwenye chombo, unatanuka kama upinde wa mvua wenye mistari myeusi, na kila mstari una mwenyewe, gesi au madini fulani. Nikatafuta haidrojeni, hakuna. Silikoni, hiyo hapo. Nikawaambia wenzangu ni aina ya kwanza, wasinichoshe. Yaani nyota iliyokwisha kufa, ikamnyonya jirani yake mpaka ikapasuka.

Mdogo wako, Bwana Nyota


15 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Hiyo ya kumnyonya jirani Baba aliicheka mpaka akapaliwa, akasema mtaani kwetu wako wengi. Sasa anaita watu uani awaonyeshe. Jana kaniambia niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mwanangu, nililosema mlangoni nimelifuta. Aje tukae uani, anionyeshe mwenyewe."

Unakuja lini?

Dada yako


9 Septemba

Shikamoo dada,

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Likizo nilipewa, nikaimaliza kitandani nikihesabu nyufa za dari. Ningekaaje kwenye kile kiti? Hiyo ya juu ya tangi ilikuwepo kabla Baba hajazaliwa. Ile iliyolipuka iko mbali mno, bila darubini haionekani kabisa, na sasa hata huku imefifia. Aliyeiona ni mama mmoja mtaalamu. Habari za mistari pia ni zake, alikuwa akimweleza mwenzake kiti cha nyuma, mimi nimeshika usukani. Nilikariri tu. Kazi yangu ni hiyo: nawapandisha mlima, nawashusha, naosha gari.

Msomee Baba yote, usiruke neno. Akisema tena mimi si mwanawe, sitabisha. Akinyamaza, niambie, nitakuja walau nimwingizie kile kiti ndani.

Sikugundua nyota yoyote, dada. Nilidanganya.

Mdogo wako, dereva