Vibata vya Mpira Vimerudi Gulioni

Shikamoo Baba,

Sikuandikii ili nikulilie. Nimelia vya kutosha, na Mama bado analia, hasa asubuhi akisikia kengele za baiskeli za watu wengine zinapita. Nakuandikia kwa sababu wamevirudisha. Vile vibata vya mpira, Baba. Safari hii si vya njano, ni vya kijani, lakini ukivibonyeza vinalia vilevile.

Nilivikuta kwenye turubai la Mzee Shomari, yule mwenyekiti wa wafanyabiashara aliyekunyang'anya nafasi yako gulioni. Nikaokota kimoja, nikakibonyeza. Kwii! Watu na mitumba yao gulioni Kimamba wakageuka kunitazama. Hasira ikanipanda.

Mara ya kwanza tulivipenda sana, wewe na mimi. Shamba la mkonge lilikuwa limeshafungwa, umekaa nyumbani na kifua chako kinachokoroma, hujui utalisha watu nini. Ndipo ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu vya rangi ambavyo hatujawahi kuviona. Ukashuka stesheni ukitokea Morogoro, gunia begani, unacheka kama kijana. Ulipolifungua, vibata vikamwagika mkekani, nasi tukavibonyeza vyote mpaka Mama akatutoa nje kwa kelele. Watoto wa hapa walikuwa wamezoea wanasesere wa magunzi. Ulisema, "Mwanaidi, na watoto wetu nao wapate kitu cha dukani." Vikauzika kama maandazi ya moto.

Jirani yetu Mama Neema alimnunulia binti yake, Neema, ambaye ndio kwanza alikuwa anasimama dede. Mama yake alikuwa anatwanga, mtoto ameketi karibu na kinu anatafuna kibata chake. Kile kipenga kidogo kilichobanwa tumboni, kile kinachotoa sauti, kikachomoka. Kikaingia kooni.

Ulimbeba wewe. Ulikimbia naye hadi zahanati na kifua chako hicho, mimi na mama yake nyuma yako, kanga zinatudondoka. Tulipofika hakuwa na pumzi tena. Nesi alikitoa kile kidude, cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati, akakuwekea kiganjani. Ukafumba ngumi. Hukuifumbua njia nzima.

Siku ya pili baada ya mazishi ulikwenda kwao. Nilikuwa nyuma yako. Ulikaa chini, mlangoni, ukakataa kigoda. Ukasema, "Mama Neema, kitu kile kilitoka kwangu. Sikujua, lakini kilitoka kwangu."

Nilidhani atakulaani. Nilidhani labda atasema ni mapenzi ya Mungu, kama walivyokuwa wakisema wengine. Alikutazama mpaka nikaona aibu mimi. Kisha akauliza, "Na vingine viko wapi?"

Vingine vilikuwa Kilangali kwa vibarua wa shamba la mbegu, vingine umevipeleka hadi Munisagara ulipokwenda kununua mahindi. Ulirudi nyumbani ukatia upepo kwenye baiskeli.

Sijui kama uliwahi kujua jinsi nilivyojivunia kukaa kwenye keria yako siku zile, japokuwa nilijifanya naona haya. Ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba: "Hodi, naomba kile kibata nilichokuuzia, nitakupa kikombe badala yake." Watu wakashangaa. Tangu lini mchuuzi akarudi kuomba mali aliyokwisha kuiuza? Kule Kilangali mtu mmoja alikataa katakata, akasema lazima kuna dhahabu ndani yake. Mwingine akasema wewe ni mchawi, unakusanya vitu vilivyolowa mate ya watoto ukavifanyie dawa. Ulicheka, Baba, lakini niliona shingo yako ilivyosinyaa.

Na yule mama wa Munisagara, kule tulikokwenda kwa treni! Mtoto wake alikumbatia kibata akapiga yowe, naye akakuambia, "Mzee, umeniuzia furaha, sasa unakuja kuninyang'anya?" Hukubishana. Uliketi kwenye jamvi lake, ukatia ukucha chini ya tumbo la kibata, ukaminya. Kipenga kikarukia mapajani mwake. Alikiokota, akamtazama mwanawe, akakusukumia kibata. Ukakata mabua ukamtengenezea mtoto kigari, na treni ikatuacha kwa sababu ya kigari hicho.

Vyote ulivyopewa ulivileta nyumbani, ukavitumbukiza chooni kimoja kimoja, ili asije mtoto akavifukua jalalani.

Ndipo Mzee Shomari akaja na wenzake. Nakumbuka alivyosimama, fimbo mkononi, haketi. "Mzee Kondo, unatuharibia biashara. Watu sasa wanaogopa kila kitu cha plastiki. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimetoka kuzika."

"Mali ikishauzwa imeuzwa."

"Kwako," ukamjibu. Ukaendelea kusuka pakacha lako.

Wakakuondoa gulioni. Ukauza sabuni na vikombe barazani kwetu mpaka kifua kilipokuzidi, nami nikashika mahali pako. Watu walipokuja msibani walikusifu kwa upole wako. Upole! Nilitaka kusimama niwaambie kwamba hawakukujua hata kidogo.

Baada ya arobaini, Baba mdogo Selemani aliniita pembeni. Akasema marehemu alikuwa na moyo laini, lakini mimi nina akili ya biashara. Akasema vibata vimeingia tena Morogoro, rangi mpya, tajiri wa jumla yuko tayari kutukopesha mzigo. Nikamwambia, "Baba mdogo, heshima yako iko pale pale. Vibata, hapana." Akasema nimerithi ukaidi wako. Nikamshukuru.

Sasa sikiliza nilichofanya juma lililopita.

Pale kwenye turubai la Mzee Shomari sikukirudisha kile kibata. Nilikiinua juu nikaita kwa sauti yote niliyonayo, "Akina mama wenye watoto wachanga, njooni mwone!" Mzee Shomari akasema, "Wewe binti, kauze sabuni zako." Nikatia ukucha chini ya tumbo, kama ulivyofanya wewe. Nikaminya. Rangi wamebadilisha, gundi hawakubadilisha. Kipenga kikatoka, nikakiweka kwenye kiganja nikapita nacho mbele ya kila mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshanunua akampokonya mwanawe pale pale.

Mzee Shomari alipiga kelele hadi mgambo wakaja. Nikapelekwa ofisi ya kata kama mwizi wa kuku, Mama anatufuata analia, mimi silii.

Katibu alinisikiliza, kisha akauliza, "Binti, una kibali gani cha kukagua bidhaa za watu?"

"Sina, mheshimiwa. Naye Mzee Shomari ana kibali gani cha kumpa mtoto kitu cha kumkaba koo?"

Mzee Shomari akajibu kwamba mali imepita bandarini, nchi nzima inauza, na siku hizi ni ruksa. Alisema hivyo mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Akasema familia yetu ina kisirani na mkate wake. Nikaona katibu anaanza kuchoka nasi wote, anatafuta namna ya kutufukuza tukagombanie nje.

Mlango ukafunguliwa. Hakubisha hodi. Mama Neema, Baba. Amembeba mgongoni yule wa kiume aliyezaliwa baadaye, bado ana unga mikononi. Hakumsalimia mtu, yeye ambaye humwamkia hata mlevi barabarani. Alichukua kibata mezani akamnyooshea Mzee Shomari.

"Una mjukuu wa rika la huyu wangu," akasema. "Mwite. Mpe hiki hapa hapa, tukae tumtazame akikitia mdomoni."

Mzee Shomari hakunyoosha mkono.

"Chukua. Si ni ruksa?"

Alitazama kile kibata, akatazama mlango. Jasho likamtoka juu ya midomo. Mkono wa Mama Neema haukutikisika, Baba, wala haukushuka, mpaka katibu mwenyewe aliposimama akakichukua. Akamwambia Mzee Shomari avikusanye vyote siku ile ile, avirudishe alikovitoa, na asionekane mtu navyo kwenye gulio la Kimamba.

Vimeondoka. Nilisimama nikahesabu viroba vikipakiwa, na Mzee Shomari akijua namtazama. Sasa hanisalimii. Mimi namwamkia kila siku, kwa sauti, mbele za watu, ili aone haya.

Siwezi kukudanganya kwamba yameisha. Vilivyokwisha kuuzwa napita kuviomba, wengine wananipa, wengine wananifungia mlango. Na dereva mmoja wa lori katuambia viko tele Mikumi, pale barabarani mabasi yanapopumzika, vinaning'inia kwenye vioski. Na huyo tajiri wa jumla, mzigo aliorudishiwa hataula kwa ugali. Ataupeleka kwingine.

Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda Mikumi, mimi na Mama Neema. Ameshona mfuko wa turubai wa kuvikusanyia. Baba mdogo anasema huko hatuna ndugu, tutapigwa. Labda. Lakini nakuahidi hivi: popote vitakapoteremshwa, nitafika na ukucha wangu. Wakinifukuza sokoni nitasimama barabarani, barabara haina mwenyekiti.

Mama Neema kanituma nikwambie kitu. Anasema siku ile mlangoni hakukuuliza ili kukuumiza. Aliuliza vingine viko wapi kwa sababu alitaka kujua.

Lala kwa amani, Baba, na kifua kikupoe huko. Usitungoje upesi. Huku bado tuna kazi.

Mwanao,
Mwanaidi