Kinga Uliyonitangazia Kwenye Ngazi

Baba Nekesa,

Mvua imerudi Roret na njia ya shambani imekuwa utelezi mtupu. Leo nimetoka hospitalini Kericho na jibu langu la damu, na wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Nilishuka kwa zile ngazi ambazo siku ile ulizishuka ukicheka. Macho yako yalikuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi kama strungi, chai isiyotiwa maziwa. Majirani walikuwa wameshahukumu kwamba ni pombe ya busaa, wewe ambaye busaa ulionja harusini tu. Yule bwana wa maabara alitueleza kwa utaratibu. Macho ya manjano husema ini linaumwa. Hayasemi linaumwa na nini. Virusi vya homa ya ini aina ya A huja na maji na chakula kichafu, vya B na C huja hasa na damu. Mwili huunda askari, yaani kingamwili, wa kila adui, na kipimo huitazama sare ya askari ili kujua ni adui yupi aliyepita.

"Mzee, kingamwili za C zimeonekana," akasema. "Urudi tutafute kirusi chenyewe, kama bado kiko."

Wewe ulisikia nusu ya neno.

"Mwalimu, niko na kinga!" ukaniambia kwenye ngazi. "Mwili uko na askari!"

"Askari wameitwa kwa sababu mwizi aliingia, Baba Nekesa. Hakuna aliyesema ametoka."

"Pahali askari yuko, mwizi hatoboi. Uliza mimi." Ulikuwa umelinda geti la kiwanda cha chai tangu Nekesa akiwa mgongoni.

"Na ule usiku waya za stima ziliibiwa, getini alikuwa nani?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Hapo umenimaliza! Lakini sindano, sirudi."

Jioni nilikueleza tena. Nilisema kingamwili ni jina la vitu vinavyopigana, wala jina halisemi vitashinda. Za B, mtu akishachanjwa, humlinda kweli. Za C hazina ahadi hiyo. Ukaniambia, "Wewe hata ugali lazima uufundishe," ukanisukumia bakuli la mboga. Macho yako yakarudi meupe, na hiyo ikawa hoja yako. "Umeona?" ulikuwa ukiniuliza kila asubuhi mbele ya kioo, ukinyoa ndevu.

Macho yalikudanganya. Kirusi kilikaa kimya miaka mingi kikila ini, hadi tumbo lilipovimba na ukaanza kutapika damu. Daktari alituambia dawa ya C ipo, ni vidonge tu, ila ini lako lilikuwa limeshakuwa kovu tupu. Ulinitazama kama mwanafunzi aliyesikia kengele kabla hajamaliza swali. Nami kwa mara ya kwanza sikueleza.

Kaburini binamu yako alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Pombe haina huruma." Nikaomba maikrofoni. Niliwaeleza waombolezaji habari za C na damu, hatua kwa hatua, mpaka mchungaji akanigusa kiwiko.

Baada ya matanga Nekesa alinibana. "Mama, si wembe mlikuwa mnatumia mmoja? Twende upimwe." Bwana wa maabara ni yule yule. Akaniambia, "Mama, kingamwili za C zimeonekana." Nilirudi kwa kipimo cha pili kama alivyosema.

Leo amenijibu. "Kirusi hakipo. Mwili wako umekishinda wenyewe. Kwa wengine hutokea." Nikamuuliza kama sasa nimekingwa. Akatikisa kichwa. Nikikutana nacho tena, kinaweza kuingia upya. Kwa hiyo hata mimi niliyeshinda, Baba Nekesa, sina kinga.

Nekesa alinikumbatia akilia kwa furaha. Nilimpigapiga mgongoni, macho yangu yakiwa kwenye ngazi. Kipimo cha kwanza kilitupa jibu moja, mimi na wewe. Hatutajua mwizi alianzia kwa nani kati yetu. Kwangu aliingia akatoka, wala sikusikia hata hatua zake. Kwako alibaki, ukiwa umesimama getini unacheka.

Wembe wako nimeufukia nyuma ya choo, chini sana. Kioo nimekiacha palepale.

Ni mimi,
Mama Nekesa, Mwalimu wako