Ndulele za Mama

Alhamisi, 9 Oktoba 2025
Seli za saratani nilizowekea maji ya ndulele, vile vitunda vya porini, zimekufa. Zote! Nimekimbia kumwita Dk. Lusekelo, bosi wangu hapa maabara Mbeya. Hakucheka wala nini. Akauliza, na zile seli nzima je? Nazo zimekufa. Akasema hata jiki ingeziua. Jiki! Miezi yote hii! Nimekula chipsi Mwanjelwa peke yangu, nimenuna.

Ijumaa, 10 Oktoba
Dada Yusta kapiga simu kutoka kijijini Nyololo. Mama hakwenda kwenye dripu yake ya saratani wiki hii. Anachemsha ndulele, anakunywa asubuhi na jioni. Eti ni dawa ya Happy. Dawa yangu mimi! Mwezi jana nilimwambia zimeanza kuua seli kwenye vichupa vya maabara. Vichupa kaviacha hukohuko, kabeba ndulele. Na anatapika — anasema ndiyo uchafu unatoka. Jamani! Ndulele ni sumu. Utotoni alinichapa yeye mwenyewe nilipozichezea.

Jumapili, 12 Oktoba — Nyololo
Nimefika ibada inaisha. Nje, mnada wa sadaka kama kawaida: mahindi, kuku, maharage. Halafu mzee Sosthenes, anayenadi, akainua kikapu — ndulele! Sadaka ya Mama Happy, dawa ya kansa, imepimwa Mbeya! Watu wakapandisha dau kuliko la jogoo. Nikapiga kelele: ni sumu, haijapimwa kwa mtu yeyote! Mzee akanijibu kwa upole kabisa kwamba sadaka ikishaombewa hairudishwi. Mama mmoja akainunua, akaondoka nayo. Nimelia kwa hasira nyuma ya kanisa.

Jioni mama hanisemeshi. Nimemwaibisha mbele ya usharika. Baadaye sana akasema dripu inamnyonyoa nywele, akirudi hawezi hata kushika jembe. Kisha akauliza: kama haiponyi, unaisomea ya nini?

Nikamwambia nataka iponye. Nataka kuliko yeye! Lakini bado, mama. Bado.

Jumatano, 15 Oktoba — Iringa, hospitalini
Kakubali kuja, kwa sharti: ndulele isitajwe. Nikitaja, anapanda basi arudi Nyololo, na dripu ndiyo basi tena. Nisipotaja, dripu juu ya sumu. Nimechoka! Nani kanituma kusoma haya mambo?

Kwenye mkoba ana chupa ya chai. Si chai. Nesi anamuuliza kila mgonjwa swali lilelile: unatumia dawa yoyote ya kienyeji?

Wamemwita mama. Severina! Nesi kauliza hapahapa kwenye benchi. Mama kasema hapana, bila kupepesa macho. Akanipa ile chupa nimshikie, akaingia kupimwa uzito.

Dripu bado. Mlango uko wazi, nesi yuko pale anaandika. Mimi niko benchi na chupa mapajani. Nimelegeza kifuniko: ndulele bado ya moto.